Nilimuuzia Wifi kwa Mchezo, Yeye Akanunua Kweli

Bibi Boke mpendwa, shikamoo. Nishike mkono kabla ya Jumapili, maana Jumapili mama mkwe wangu anakuja kutoka kijijini kuniuliza jambo ambalo mimi mwenyewe sijui jibu lake, na nikilijibu vibaya nitapoteza ama kazi, ama wifi, ama yeye mama, na huyo wa mwisho ndiye siwezi.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Kamunyonge hapa Musoma, lakini kwetu ni upande wa Butiama, sisi ni watu wa ng'ombe, samaki nilikuwaga nawaona wamekaushwa tu, nikaja nikaolewa na Samwel ambaye mama yake, jina lake Rebeka, alikuwa na kibanda cha kukaanga samaki Mwigobero, pale mwaloni mitumbwi inapofikia. Siku ya kwanza aliponipa sato nimparue magamba nilimshika kama nashika mtoto mchanga wa watu, akaniteleza akarudi kwenye beseni, na akina mama waliokuwepo wakacheka mpaka wakakaa chini, wakasema mkwe wa Rebeka anaogopa samaki aliyekufa. Mama hakucheka. Akasema, "Huyu ni mwanangu, atajua," akasimama nyuma yangu akanishika mkono wenye kisu tukaparua pamoja, na tangu siku hiyo alinifundisha kila kitu, kufunua mashavu ya samaki kuona kama damu bado ni nyekundu, kusikiliza mafuta yanapolia, kujua mteja gani anataka kichwa na yupi anaogopa macho. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, Bibi, kwa hiyo ukiniuliza mama ni nani mimi namtaja huyu.

Miguu ilipoanza kumvimba akarudi kijijini, na kibanda akatuachia sisi wawili, mimi na wifi yangu Dorah, mdogo wa mume wangu. Alituita mbele ya akina mama wote wa mwaloni, akavua aproni yake ya bluu, ile ya kitambaa kizito yenye mfuko mkubwa wa chenji, akatushikisha wote, Dorah huku na mimi huku, akasema kibanda hiki hakitakuwa na mkubwa. Basi tukapanga hivi, kila Jumatatu tunabadilishana, mwenye aproni wiki hiyo ndiye anashuka alfajiri kuchagua samaki kwenye mitumbwi na ndiye anakaa na wateja, na asiyekuwa na aproni anakaa kwenye moto. Miaka yote hiyo hatujawahi kugombana, Dorah ni mcheshi, ukikaa naye mbavu zinauma, hata waliofiwa wakija kula wanaondoka wanatabasamu.

Sasa shida ilianzia kwenye Kiingereza. Siku hizi wanapita wageni, wanashuka ziwani kupiga picha, wanataka samaki, nasi tunawaonyesha kwa vidole, ndipo mwalimu mmoja wa Bunda anaitwa Nicolaus akaanzisha darasa la wafanyabiashara kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa, tukajiandikisha, sisi na wauza dagaa na wauza nyanya na mafundi baiskeli. Tukafika mahali pa maneno ya kununua na kuuza na kushika hatamu, na mwalimu akasema Kiingereza kina maneno yenye mkia, neno ni lile lile ila ukilibadilishia mkia linafanya kazi nyingine, kwamba kuna "bai" hii ya kununua nyanya, ukiitia mkia inakuwa "bai auti", hapo unamlipa mwenzako sehemu yake atoke mbaki bila yeye, na kuna "seli ofu", unauza vitu haraka uviondoe machoni, na "seli auti", mzigo wote umekwisha, na kuna "teki ova", unaingia kwenye kazi ya mtu unashika usukani. Tuliyapenda maneno hayo, Bibi. Alfonsi muuza dagaa alikuwa anakunja turubai saa nne asubuhi anapita kwenye vibanda vyetu akitangaza kwamba yeye leo ameseli auti, watu wengine wajitahidi.

Mwalimu akasema maneno hayaingii kwa kunakili, yanaingia kwa kuigiza, akatupanga, Dorah awe tajiri kutoka mbali anataka kununua kibanda, mimi niwe mwenye kibanda, nikatae, nikatae tena, halafu mwishoni nikubali kwa shida. Dorah akaazima miwani nyeusi ya fundi baiskeli, akaingia anatembea ametanguliza tumbo, watu wakavunjika mbavu, akasema anataka kunibai auti. Nami, Bibi, badala ya kukataa nikasema ndiyo. Hapo hapo. Mwalimu akatusimamisha, akasema hapana mama, unatakiwa ukatae, mfanyabiashara hakubali upesi hivyo, hebu tuanze tena. Tukaanza tena, nikasema tena ndiyo, ilitoka yenyewe. Darasa zima likacheka. Mwalimu akaona basi, akasema haya, mkabidhi kitu watu waone kwamba ameteki ova, na mimi nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja na aproni kiunoni, ilikuwa wiki yangu, nikaivua nikamfunga Dorah mgongoni, fundo zuri kabisa, watu wakapiga makofi, nusu yao ni watu wa mwaloni, ni wale wale walioona mama alipotukabidhi.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Dorah kwa haki, sikuona kitu. Jumatatu ya pili nikanyoosha mkono anipe aproni, akacheka akasema, "Wifi, si ulishaniuzia mbele ya mwalimu?" Wateja wakacheka, nami nikacheka, nikaenda kwenye moto. Jumatatu nyingine hivyo hivyo. Sasa mzaha umeota mizizi, mwaloni wanamwita bosi, wavuvi wananipita na samaki mkononi wanamtafuta yeye, amehamisha jiko kutoka upande wa upepo bila kuniuliza, amewaambia wavuvi hataki tena furu, wale samaki wadogo wa bei ya chini, ni sato na sangara tu, amenunua kiti cha kuegemea, juzi mteja mgeni aliniuliza bosi wako yuko wapi na mimi nikamwonyesha. Kila nikitaka kusema, ananiambia wifi acha ukali, tunacheza, na Samwel nikimweleza anasema ninyi si mnachezeana tu. Ukweli kibanda kinaenda vizuri, jiko lilipohamia pale moshi umepungua, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Kinachonisaidia ni Alhamisi, kwa sababu tangu Dorah ajifanye bosi naweza kuondoka, nakwenda Kabasa kule Bunda kwa dada yangu Debora, anashona sare za shule, na ana mashine ya pili ilikuwa imefunikwa kitambaa, ameniachia niitumie, nimeshona sketi za marinda, marinda yamekaa sawasawa yote yanaangalia upande mmoja, nikazikunja nikazikunjua tena kuzitazama, na siku hiyo nilisahau kula. Dada ananiambia hamia huku tufanye wote. Lakini hayo siyo niliyotaka kukuandikia.

Nilitaka kukuuliza hivi, mama amesikia huko kijijini kwamba nimeuza kibanda chake, ametuma neno kwamba Jumapili anakuja asikie kwa masikio yake, je nimwambie Dorah amenipokonya, au nimwombe mwalimu Nicolaus aje athibitishe kwamba lilikuwa somo tu, au ninyamaze mama aone mwenyewe kile kiti? Nisaidie Bibi, sitaki mama afikiri alinishika mkono bure.

Mimi mkaanga samaki, Kamunyonge, Musoma.

*

JIBU LA BIBI BOKE

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimesomewa, nikasema nisomewe tena kile kipande cha marinda.

Wewe mtoto una akili ila unaificha chini ya sufuria. Umeniandikia habari za kiti, za jiko, za furu, za wavuvi, hapo sauti yako ni ya mtu anayeumwa jino. Ulipofika Kabasa ukawa mtu mwingine. Sketi umezikunja ukazikunjua, umesahau kula, halafu unaniambia hayo siyo uliyotaka kuniandikia. Ndiyo hayo hayo. Hayo mengine ni moshi.

Mwalimu wa watu alikuambia ukatae. Ilikuwa kazi rahisi, hata kuku anajua kukataa. Ukasema ndiyo. Akakurudisha, ukasema ndiyo tena. Sasa wewe unafikiri aliyesema ni nani, mwalimu? Hayo maneno yake yenye mkia mimi siyajui na sitayajua, meno yamebaki machache, yatapitia wapi. Lakini mtu anayetaka kutoka namjua kwa kumwangalia mabega. Wewe unataka kutoka, mama. Umetaka kutoka tangu kabla ya hilo darasa, na siku ulipopata nafasi ya kulisema kwa mchezo ulilisema mbio mbio, usije ukanyang'anywa.

Hapo sikulaumu. Kutaka kazi nyingine si dhambi. Sasa sikiliza ninapokulaumu.

Umemwachia Dorah aonekane mwizi ili wewe uondoke ukiwa umeonewa. Unataka Jumapili mama akute kiti, akasirike mwenyewe, amgombeze binti yake, halafu wewe ulie kidogo, useme basi mimi naenda zangu Bunda, na watu wote waseme maskini, alifukuzwa. Hiyo ni hila, tena ni hila ya kitoto. Mama aliyekushika mkono wenye kisu unataka kumgombanisha na mtoto wake wa kumzaa, kwa sababu wewe unaona aibu kusema neno moja. Usinifanyie hivyo. Na yule mwalimu mwache Bunda apumzike, kosa lake ni lipi, yeye alifundisha.

Na wewe Dorah, najua unasoma ukurasa huu, na kama husomi basi mwaloni wote umeshakusomea kwa sauti. Kuchukua huku unacheka ni kuchukua. Wifi yako alinyoosha mkono Jumatatu ukamjibu kwa kichekesho mbele za watu, na mtu aliyechekwa mbele za watu hana pa kujibia. Umefanya hivyo wiki baada ya wiki. Kazi unaiweza, nimesikia, moshi umepungua, hongera sana, mikono yako ni ya mama yako. Kinachokosekana ni kitu kidogo tu, hujanunua. Umekalia. Hicho kiti chako kizuri kina mgongo, sasa na wewe uwe nao.

Nirudi kwako wewe wa samaki. Umesema kwenu ni upande wa Butiama, watu wa ng'ombe, basi wewe ni mtoto wa nyumbani na nitakuuliza swali la nyumbani. Baba yako alipouzaga ng'ombe, kamba ilikwenda wapi? Baba yangu mimi alikuwa anasubiri mnunuzi afike na kamba yake. Hana kamba, hakuna biashara, akae anywe uji arudi kesho. Anafunga ya kwake kwanza, ndipo baba anafungua ya kwetu, anaikunja, anarudi nayo nyumbani kuitundika mahali pake. Ng'ombe ameondoka, lakini hakuna mtu kijijini aliyesema amechukuliwa. Kila mtu aliona ameuzwa, kwa sababu kamba imebaki. Sasa wewe mtoto wa wafugaji ulisimama mbele ya kanisa zima ukatoa ng'ombe pamoja na kamba, ukaifunga mwenyewe kwa fundo zuri, bure, kwa makofi. Ndiyo maana unaumwa. Ungekuwa umeuza vizuri ungekuwa unalala.

Basi turekebishe, siku zipo.

Leo jioni mwambie Samwel. Usimuulize, mwambie, kwamba unataka kwenda kushona na dada yako na kwamba wifi yake atabaki na kibanda. Atasema mnacheza. Mwache amalize, urudie kwa sauti ile ile. Wanaume wa aina hiyo wanasikiaga mara ya pili.

Kesho nenda kwa Dorah nyumbani kwake. Nyumbani, sio mwaloni. Mwaloni kuna watu, na Dorah akiona watu anakuwa maonyesho. Mkae wawili, chai iwepo, umwambie nirudishie aproni. Akianza kucheka wewe usicheke. Hilo litakuwa gumu kuliko yote, kwa sababu umesema ukikaa naye mbavu zinauma, basi ziache ziume. Ukiipata, siku inayofuata shuka nayo alfajiri, chagua samaki wewe, kaa na wateja wewe, mpaka jua lizame. Na ukiona furu wazuri nunua, watu wa mwaloni wale furu wao. Mtu hawezi kuuza kitu kilicho kiunoni kwa mwenzake. Kwanza kirudi, ndipo uuze.

Jioni hiyo mwambie Dorah hivi: "Wifi, mimi nataka kutoka kweli. Nunua sehemu yangu, na tukubaliane mbele ya mtu." Tafuta mtu mzima mmoja mnayemwamini wote wawili, asiyependa kuchekesha. Huyo Alfonsi wenu hapana. Mkubaliane, na kama Dorah hana cha kukupa mara moja, akupe kidogo kidogo, mradi isiwe maneno. Umetoa jasho lako pale, usiliseli sijui nini, lile la kuondoa vitu machoni. Jasho halitupwi.

Na ile aproni ya bluu, usimwachie yeye, na wewe usiende nayo Bunda. Hiyo ni kamba ya mama yenu. Yeye ndiye aliyemlea ng'ombe. Mpelekeeni. Dorah akitaka kukaa kwenye kibanda kama mwenye nacho aje na aproni yake, na wewe si unajua kushona, mshonee Alhamisi hii kwenye mashine ya Debora, rangi achague yeye, mfuko uwe mkubwa. Hapo watu wa mwaloni wataona kilichotokea bila mtu kuwaeleza.

Jumapili usimsubiri mama afike. Mwanamke mwenye miguu iliyovimba asafiri kuja kuuliza habari ambazo ninyi mna miguu mizima ya kumpelekea? Mnanitia aibu. Ondokeni asubuhi, wewe na Dorah pamoja, chombo kimoja, mbebe sato mkubwa ambaye wewe mwenyewe umemfunua mashavu. Mkifika, samaki umpike wewe. Dorah asiguse. Mama ale kwanza, mtu mwenye njaa anasikia mabaya tu. Akishashiba, wekeni aproni mbele yake, na uanze kusema wewe, sio Dorah, maana Dorah ataingiza kichekesho katikati na tutarudi pale pale.

Unaogopa atafikiri alikushika mkono bure. Mjukuu wangu, alikufundisha kushika kisu, hakukufunga kwenye kibanda. Alikuita mwanangu wakati hujui hata samaki anashikwa wapi, kwa hiyo samaki haikuwa sababu. Mimi nimelea wengi, wa tumbo langu na wa kuletewa, wengine wako mbali siku hizi wanafanya kazi ambazo hata majina yake siwezi kuyatamka. Aliyeondoka akiniangalia machoni nimempoteza? Wala. Anayeniuma mpaka leo ni yule aliyetoka kupitia nyuma ya nyumba akaniachia niulize majirani. Usimfanyie mama wa watu hivyo. Unauza kazi, uwifi huuzi, umwana huuzi, hakuna mwalimu wa mkia wowote anayeweza kukununua hapo.

Atakasirika kidogo. Mwache akasirike, ni haki yake, kibanda kilikuwa cha kwake na nguvu zake ziko mle. Atakuuliza kwa ukali, "Kwa hiyo unaondoka?" Usiseme wifi alinilazimisha, usiseme lilikuwa somo, usiseme dada ndiye aliyeniita. Sema, "Ndiyo, mama." Kisha funga mdomo, jisogeze karibu naye, mkandie hiyo miguu.